Wema wa mwenye meli

Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya mpira, kijana mmoja wa kikundi changu aliniuliza mbele ya wenzake: "Yaya, wasingekulipa, ungekuja?" Nikacheka. Nikasema jua limekuwa kali, turudi nyumbani. Lakini lile swali lilinifuata, na ndilo linanifanya niandike habari za meli ya Wajerumani ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia.

Meli iliitwa Imperator. Safari yake ya kwanza ilikuwa Juni 1913, kutoka Cuxhaven karibu na Hamburg mpaka New York, na wakati ule hapakuwa na meli ya abiria kubwa kuliko hiyo. Matajiri walikuwa na bwawa la kuogelea lenye nguzo kama za Warumi wa kale. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya watu zaidi ya 1,700 wa daraja la mwisho: wakulima, mafundi, Wayahudi waliotoka katika nchi za mfalme wa Urusi, watoto wengi. Albert Ballin, mkubwa wa kampuni ile, alijua vizuri kwamba biashara yake imekalia mabega ya hao wa chini.

Kabla ya kupanda walikaa mahali ambapo sisi tungepatambua haraka. Huko Veddel, Hamburg, Ballin alijenga kuanzia 1901 majumba ya wahamiaji, na baada ya miaka michache yaliweza kupokea watu kama 5,000 kwa mara moja. Ukifika unavua nguo zinapigwa mvuke, unaoga, daktari anakuangalia macho. Kuna upande wa wasafi na upande wa wasio safi. Aliyepita kituo cha mapokezi hahitaji nimwelezee zaidi. Ila pia palikuwa na vitanda, chakula cha moto, kanisa, sinagogi, hata jiko la pekee kwa Wayahudi ili wale kufuatana na dini yao.

Sasa, kwa nini alifanya hivyo? Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, na wahamiaji ndio walionyoshewa kidole. Tena sheria ya Marekani ilisema aliyekataliwa kule arudishwe kwa gharama ya kampuni iliyomleta. Tangu 1903 ikaongezwa faini ya dola 100 kwa kila mgonjwa wa kuambukiza ambaye ugonjwa wake ungeweza kuonekana kabla hajapanda. Kumbe yule daktari wa macho alikuwa analinda mfuko!

Wengi tukisikia hivyo tunasema: basi huo si wema. Mimi sina haraka. Mama aliyeambiwa Hamburg kwamba macho ya mtoto wake yanaumwa aliumia sana, lakini angeambiwa New York angeumia zaidi, bahari yote ikiwa imeshavukwa. Hesabu ya kampuni ilimsaidia bila kumpenda. Na Ballin mwenyewe alikuwa Myahudi, mtoto wa mtu aliyekuwa na ofisi ndogo ya kusafirisha wahamiaji. Labda moyo ulikuwemo. Kifua cha mtu hatuwezi kukifungua.

Ninachokiona mimi ni kitu kingine. Wale watu walikuwa wamenunua tiketi. Supu ile ilikuwa haki yao, na senti zao zilisaidia kulipa lile bwawa la matajiri. Sisi hapa hatukununua tiketi, lakini vichwa vyetu vinahesabiwa, vinaandikwa kwenye ripoti, na ripoti inaleta bajeti, magari na mishahara, pamoja na posho yangu. Ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, sisemi hivi kwa ubaya. Nasema tu: mtu akiuliza kwa nini maharage yamepungua kwenye mgao, msimwambie hana shukrani. Shukrani anayo. Ana swali pia.

Lakini hapo najikamata mwenyewe. Maana yule kijana naye alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilimjibu kwa jua. Nilitaka anione kama kaka tu, wakati kila mwisho wa mwezi napeleka orodha yenye jina lake, na kwa orodha hiyo nalipwa. Ningemwambia hivyo waziwazi, nadhani asingeniheshimu kidogo.

Mwaka huu posho ilichelewa miezi miwili. Mwezi wa kwanza nilikwenda kila Jumamosi. Wa pili nilikosa mara mbili, nikasema nina malaria. Mara moja ilikuwa kweli. Niliporudi, yule kijana hakuuliza kitu. Alinyosha vidole viwili, akaniangalia, halafu akaenda kuchukua mpira.