Pembe ya Shuka

Wengi hudhani kwamba elimu ya tiba huzaliwa chuoni, kisha huteremka wodini kama maji ya mfereji: daktari hujua, muuguzi hutenda. Mimi si muuguzi, ila nimewauguza wazee wangu wawili, na dhana hiyo hunisumbua. Hebu, ndugu msomaji, tuipime kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, wodi ya watoto njiti ilisimamiwa na Sista Ward. Yeye aliamini kuwa hewa na jua huwafaa watoto, basi siku za joto aliwatoa uani. Siku moja aliwaonyesha madaktari kichanga mwenye ugonjwa wa manjano. Mwili ulikuwa umepauka, isipokuwa sehemu moja ya ngozi, yenye umbo la pembetatu, iliyobaki manjano sana. Daktari mmoja akauliza, je, umempaka dawa gani? Sista, kwa haya, akajibu kuwa hapo palifunikwa na pembe ya shuka. Kwingine kote ndiko rangi ilikofifia, na alidhani ni kwa sababu ya jua.

Jambo likaachwa hapo.

Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine wa manjano ilisahauliwa juani, dirishani. Ilipopimwa, kiasi cha bilirubini, yaani ile rangi ambayo ikizidi mno huweza kuharibu ubongo, kilikuwa kimeshuka ajabu. Sasa watu wakashtuka! Mwaka 1958 jarida la Lancet likachapa makala ya Cremer, Perryman na Richards kuhusu tiba ya mwanga. Jina la Ward halimo miongoni mwa waandishi.

Je, Sista alijua, au alibahatisha tu? Kwa maoni yangu alijua. Hakujua mwanga unaigeuzaje bilirubini hata mwili uweze kuitoa. Hilo lilihitaji maabara. Lakini aliijua ngozi ya mtoto yule jana na leo, na hakuna chombo kilichokuwa kimeliona hilo. Mwaka 1978 muuguzi msomi wa Marekani, Barbara Carper, aliandika kuwa uuguzi una njia nne za kujua: sayansi, sanaa ya kazi, maadili, na ujuzi wa nafsi katika kukutana na mgonjwa. Vyuo hufundisha ya kwanza kwa urahisi, kwa kuwa ina mitihani.

Hata hivyo nisiyasifu mazoea kupita kiasi. Kwa miaka mingi wauguzi na madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwalaza vichanga kifudifudi, kwa nia njema kabisa. Hesabu ilipofanywa, vifo vya ghafla usingizini vilionekana zaidi kwa waliolala hivyo. Na kampeni ya Uingereza ya mwaka 1991 ya kuwalaza chali ilifuatwa na upungufu mkubwa wa vifo hivyo. Jicho lililozoea laweza kukosea miaka thelathini bila kushtuka.

Kwa hiyo sidai kwamba Sista aaminiwe bila kupimwa. Ninalouliza ni kwa nini chupa iliyosahauliwa dirishani ilisikilizwa upesi kuliko yeye, na ni nani aliyemfundisha mwanamke mwenye wodi yake kusema kwa haya jambo aliloliona kwa macho yake mchana kweupe.