Haki ya Kutokurupushwa

Anayehamia mji wa milimani katika bonde la Engadine, mashariki ya Uswisi, hapati shida ya kufundishwa namna ya kuufurahia msimu wa baridi. Huko St. Moritz, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1928 na tena 1948, burudani ya theluji ndiyo kazi ya watu na ndiyo fahari yao. Kuna mteremko wa skii kwa kila kiwango, kuna kutembea kwa viatu vya theluji, kuna sleji, kuna maziwa yanayoganda mpaka watu wakatembea juu yake. Somo ambalo mgeni hulipata kwa kuchelewa, na wengine hawalipati kabisa, ni kwamba milima ile ina wenyewe wasioondoka msimu ukibadilika: kulungu wekundu, mbuzi mwitu wenye pembe ndefu, sungura weupe, na ndege weusi wa jamii ya kwale ambao kwa Kijerumani huitwa Birkhuhn. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo naliona ni la dini na la falsafa kabla halijawa la sheria ya utalii. Je, mtu anayejifurahisha bila silaha, bila mtego na bila nia mbaya anaweza kuwa anamdhulumu kiumbe ambaye hata hajamgusa?

Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi wa kwanza umo katika miili ya wanyama wenyewe. Watafiti wa Vienna wakiongozwa na Walter Arnold waliwafuatilia kulungu wekundu kwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na joto la mwili. Waligundua kwamba mwishoni mwa msimu wa baridi moyo wa mnyama huyo hupiga chini ya nusu ya mapigo yake ya mwanzo wa kiangazi, na kwamba katika usiku wa baridi kali joto lililo chini ya ngozi ya kifua chake linaweza kushuka hadi nyuzi 15 za Selsiasi. Zamani ilidhaniwa kwamba ni wanyama wadogo tu, wale wanaolala usingizi mrefu wa msimu mzima, ndio wanaoweza kuupunguza moto wa uhai kiasi hicho. Kumbe hata mnyama mkubwa aliyesimama kimya msituni huwa amejizima nusu. Mbuzi mwitu naye hupunguza mapigo yake, kisha hulitegemea jua la asubuhi limpashe joto. Ndege wale weusi hujichimbia mashimo ndani ya theluji na kukaa humo sehemu kubwa ya siku, wakitoka kwa muda mfupi tu kutafuta chakula. Kulungu na mbuzi mwitu huishi kwa kiasi kikubwa kwa mafuta ya mwilini, na mafuta hayo ni ghala ambalo halijazwi tena mpaka majani ya majira ya kuchipua yaote. Sasa fikiria mtu anayeshuka na skii kutoka juu, kimya, nje ya njia iliyowekewa alama. Mnyama hajui kama huyu ni mchezaji. Anashtuka, moyo unawaka ghafla, anakimbia akipanda mlima katika theluji inayomfika tumboni. Mbio moja huenda isimwue, lakini mbio za kila siku, wiki baada ya wiki, humlia akiba yake. Watafiti wa Uswisi waliochunguza kinyesi cha ndege wale weusi walikuta kwamba katika maeneo yanayosumbuliwa na wacheza skii homoni za mfadhaiko zilikuwa juu zaidi kuliko kwenye maeneo tulivu.

Mafundisho mengi tuliyokua nayo kuhusu wanyama yanahusu kuua, kupiga, kushindisha njaa na kutwika mzigo mzito kupita kiasi. Waislamu wengi wanaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Lakini katika dhuluma ile kulikuwa na mkono uliofunga mlango. Huku mlimani hakuna mkono. Ndiyo maana naiona kuwa ya thamani kubwa hukumu moja ya eneo takatifu la Makka ambayo mara nyingi tunaipita haraka. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakukataza kuwinda tu ndani ya eneo lile. Alikataza pia kuyakurupusha mawindo yake. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alieleza maana ya katazo hilo: ni kumwondoa mnyama kivulini ukakaa wewe mahali pake. Hakuna damu katika maelezo hayo, wala jeraha. Kuna mnyama aliyepata mahali pa kupumzikia kwenye jua kali, na mtu aliyeona pale panamfaa zaidi yeye. Sheria ikaliona tendo hilo, ikalihesabu kuwa kosa. Taurati nayo, katika sura ya 23 ya Kutoka, inapoamuru shamba liachwe bila kulimwa mwaka wa saba, inawataja maskini wale kitakachoota humo, kisha inawataja wanyama wa mwituni wale kitakachobaki. Mnyama asiyefugwa, asiyemletea mwenye shamba faida yoyote, amewekewa fungu katika mapumziko ya ardhi.

Najua mwanachuoni atasema kwamba hukumu ya Makka ni ya Makka, na kwamba Engadine si eneo takatifu. Ni kweli, na sidai vinginevyo. Ninachodai ni kidogo zaidi: katazo lile linathibitisha kwamba kumkosesha kiumbe mahali pake pa kupumzika ni madhara yanayotambulika, hata kama adhabu yake ya kisheria ina mipaka. Tendo hilo likishatambulika kuwa madhara, kanuni ya jumla ya kutodhuru inalishika popote. Mwingine atasema matendo hupimwa kwa nia, na mcheza skii hana nia ya kumtesa kulungu. Nia humwokoa asiyejua. Aliyekwisha kuambiwa kwamba nyuma ya miti ile kuna wanyama, akapita kwa sababu theluji ya pale ni safi zaidi, amekwisha kuchagua, na nia yake imebadilika hata kama furaha yake ni ileile.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenyeji wenyewe. Jimbo la Graubünden, ambamo Engadine imo, lina msimu wa uwindaji kila Septemba, na kulungu wanaouawa ni maelfu. Vipi basi kumruhusu mwenye bunduki na kumzuia mwenye skii? Hoja hii inastahili heshima, kwa sababu inatulazimisha tuseme ni kitu gani hasa tunachokitetea. Sitetei kwamba mnyama asife kamwe. Msimu wa baridi peke yake huwaua wengi, na mbwa mwitu wamerudi katika milima ile. Mwindaji wa Septemba humkuta mnyama akiwa na nguvu zake zote, miguu yake ikiwa na uwezo wa kumwokoa, na humwua kwa haja ya nyama na kwa hesabu ya msitu usioweza kulisha idadi isiyo na kikomo. Anayemkimbiza mwezi Februari humkuta hana kitu, na hapati kwake chochote, hata nyama. Uwindaji una hesabu inayoweza kujadiliwa, na kweli wenyeji wameijadili, hasa ule msako wa ziada wa Novemba na Desemba ambao mimi pia naona ni mgumu kuutetea. Usumbufu wa burudani hauna hesabu kabisa, maana anayeusababisha kwa kawaida hata haoni alichokifanya.

Wapo pia wanaoogopa kwamba maneno haya yanawanyima watu riziki. Bonde lile lilikuwa maskini. Kwa karne nyingi vijana wa Graubünden walihama kwenda kutafuta kazi ya kutengeneza vitamutamu katika miji ya Italia na kwingineko, na mwaka 1766 waliokuwa Venice wakafukuzwa. Utalii wa theluji ndio uliowapa wengi sababu ya kubaki kwao. Lakini riziki hiyo haimo katika kila kichaka. Wanyama huizoea miteremko iliyowekwa na njia zenye alama, kwa kuwa huko mtu hupita palepale kila siku. Kinachowashtua ni anayetokea wasikomtarajia, na mbwa asiyefungwa kamba. Kinachotakiwa kwa mgeni ni kuacha sehemu ndogo ya mlima: asiingie katika maeneo ya utulivu ya wanyamapori, abaki njiani anapopita msituni, aepuke kingo za msitu na mahali palipokosa theluji ambapo wanyama hutafuta majani, na amshike mbwa wake. Karibu na Zernez, Hifadhi ya Taifa ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1914 hufungwa kwa wageni msimu wote wa baridi, na hakuna aliyeonesha kwamba bonde limefilisika kwa hilo.

Faini zipo kwa anayevunja mipaka hiyo, lakini alfajiri mlimani hakuna mlinzi wala kamera, na alama za skii hufunikwa na theluji ya usiku unaofuata. Mwenye imani anayeamini kwamba huonwa hata asipoonwa na mtu ana sababu kubwa zaidi ya kugeuka mpakani kuliko ile faini. Ofisi ya Mazingira ya Uswisi hutoa ramani ya maeneo hayo ya utulivu bila malipo. Unayehamia huko, itafute na uisome kabla hujanunua skii.