Mali ya Chini ya Ardhi na Haki ya Wasiozaliwa

Suala tulilolijadili katika vikao vyetu viwili vilivyopita lilianza na mchanga. Ndugu mmoja atokaye upande wa Msambweni alituuliza: ikiwa kitu kilichokuwa chini ya shamba la babu yake kimechimbwa hata kikesha, na fungu la wenyeji likaletwa leo, je, ni halali kwao kuligawana kichwa kwa kichwa? Wengi walijibu upesi kwamba ni halali, kwani mwenye haki akipewa haki yake haulizwi ataifanyia nini. Nasi tulikaribia kujibu hivyo hivyo. Baadaye tukaona kwamba jibu hilo lilipita juu ya jambo lenyewe bila kuligusa.

Yatupasa kwanza kueleza mambo yalivyokuwa. Katika Kaunti ya Kwale, sehemu za Maumba na Nguluku, ulikuwako mchanga wenye madini ya titani na zirkoni. Ya kwanza hutumiwa khasa kutia weupe katika rangi za kupakia kuta, na ya pili huingia katika vigae. Wakazi walihamishwa, na baadhi yao wakapelekwa Bwiti. Uchimbaji ulianza mwaka 2013, na mwanzoni mwa 2014 shehena ya kwanza ikaondoka Likoni. Ulipofika mwisho wa Disemba 2024 kazi ikakoma, kwani mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha. Ni miaka 11 tu. Mnazi uliopandwa siku ile meli ya kwanza iling'oa nanga ungali kijana, nao utaangusha nazi hata wajukuu wa aliyeupanda waote mvi.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliugawa mrabaha mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali pachimbwapo. Fungu hili la tatu lilikaa miaka mingi bila kuwafikia wenyewe, kwa kuwa utaratibu wa kulitoa ulikuwa haujawekwa. Hiyo ni dhulma, nasi hatuna jina jingine la kuiita. Tena maneno ya sheria yana tatizo ambalo wachache hulitaja: yule aliyehamishwa Nguluku hayupo tena mahali pachimbwapo. Je, aliyeondoka ili wengine wachimbe ahesabiwe kuwa mgeni wakati wa kugawa? Akili yoyote iliyo salama yakataa.

Amma hilo la kugawana, mkulima wa Pwani alijua zamani tofauti iliyopo baina ya mazao na asili. Mwenye mikorosho huokota korosho, akauza, akala, na mwakani mti humzalia tena. Lakini aukataye mkorosho akauza kuni hawezi kusema kwamba amekula mazao, amekula shamba. Madini hayazai mara ya pili. Kila shilingi itokayo humo ni kuni.

Na kwetu si ajabu haki ya mtu kukaa juu ya haki ya mwingine. Mara ngapi mnazi huwa wa fulani na ardhi ukaayo ikawa ya mwenziwe, nao wakaishi kwa amani? Wakfu nao wajulikana tangu enzi za babu zetu: nyumba au shamba haliuzwi wala halirithiwi, ila mazao yake huliwa kizazi baada ya kizazi. Sayyidna Umar bin Al-Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipodaiwa aigawe ardhi ya Sawad ya Iraq kwa askari walioifungua, na wadai walikuwa watu wakubwa, alikataa. Aliiacha mikononi mwa wakulima wake na kuitoza kharaji, ili wajao nyuma wasikute kila kitu kimekwisha kumilikiwa. Hoja yake aliitoa katika Suratul-Hashr.

Hapa darasa letu liligawanyika. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida haneni sana, alisema: "Nyinyi mwawapenda wasiozaliwa kwa sababu hawali." Neno hili lilituchoma, na twakiri kwamba lina ukweli. Mjane aliyeacha minazi yake, kisima chake na makaburi ya wazazi wake hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya kitukuu. Walakini twaona kwamba anachostahili yeye ni fidia, nayo ni deni. Deni hulipwa kwa ukamilifu kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya mafungu. Tukimlipa deni lake kutoka katika lile fungu la kumi tutakuwa tumemlipa kwa mali yake mwenyewe.

Wako waliosema kwamba njia ya katikati ni elimu, nao walitoa mfano wa kaunti hiyo hiyo ya Kwale, ambayo tangu mwanzo wa ugatuzi ilitenga fedha nyingi kulipia karo za watoto wa wenyeji. Twaisifu njia hii. Mali iliyokuwa ardhini imehamia vichwani, na huko haipungui kwa kutumiwa. Lakini kijana aliyesomeshwa asipopata kazi Lunga Lunga wala Kinango ataipata Mombasa au Nairobi, na kijiji kitabaki na shimo lake. Kwa hiyo sehemu moja yapasa ibaki papo hapo, iwe kitu kizaacho: maji, miti, au kiwanda cha kukobolea korosho ambazo zaiva kila mwaka.

Atauliza msomaji, nani atakuwa msimamizi? Ni haki yake kuuliza, kwani zimo wakfu katika mwambao huu zilizoliwa na walinzi wake. Nasi hatuna dawa ila hesabu kusomwa hadharani, kwa Kidigo na kwa Kiswahili, mbele ya wanawake na wanaume, na kila mmoja kuruhusiwa kusema "rudia hapo". Ndugu yetu wa Msambweni tulimpa maneno hayo aende nayo kwao. Amerudi juma lililopita, akatwambia kwamba aliyasema barazani na watu wakamsikiliza kwa adabu, lakini lililoulizwa zaidi siku ile lilikuwa nauli ya kikao.