Je, Yafaa Mume Kumtangulia Mkewe?

Katika njia zitokazo vijijini kwenda kituo cha reli cha Mutshatsha, mara nyingi huonekana mume akitembea mbele na mkewe akimfuata. Mume ameshika panga. Mke amebeba mtoto mgongoni na mzigo wa muhogo kichwani. Wazee huieleza desturi hiyo hivi: aliye mbele ndiye akutanaye na nyoka kwanza, kwa hiyo yampasa kuwa na silaha tu mkononi. Maneno hayo yana akili. Lakini mume akienda kasi hata asionekane tena, nyoka akitokea nyuma atauawa na nani?

Hapo ndipo lilipo swali: je, mwenye nguvu ana haki ya kumtangulia mwenzake?

Huenda mtu akajibu: "Nguvu ni zangu, nitazitumia nipendavyo." Mtu huyo na atazame mfano wa mbali. Katika nchi ya Bolivia, Marekani ya Kusini, uko mji wa Potosí. Mji huo, kama Kolwezi, ulikua kwa ajili ya mgodi: madini ya fedha yalivumbuliwa mlimani pake mwaka 1545. Uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi mno. Mgeni atokaye nchi za chini hupungukiwa na pumzi. Kichwa humwuma, pengine hutapika. Mume na mke wakifika huko pamoja, ni vigumu kutabiri nani atalemewa. Kijana mwenye misuli aweza kulazwa kitandani, na mkewe mwembamba akawa mzima. Dawa ya kwanza ni kwenda polepole na kupumzika. Aliye mzima hana budi kukaa karibu, kwani ugonjwa ukizidi waweza kuua, na mgonjwa lazima ateremshwe upesi. Basi, ajivuniaye nguvu zake bondeni hajui kama zitamfuata mlimani. Nguvu ni amana ya Mungu, wala hazikutolewa kwa faida ya mtu mmoja.

Mji wa Kolwezi nao uko juu, zaidi ya mita 1,400, lakini kimo hicho hakimwangushi mtu. Kinachokata pumzi huko ni kingine: shaba na kobalti, na pesa zipatikanazo kwazo. Mume humwambia mkewe: "Natangulia. Nikipata kazi na nyumba, nitakuita." Maneno hayo si dhambi. Mwezi wa kwanza hutuma pesa na salamu. Mwezi wa sita, salamu tu. Mwaka wa pili, hata salamu hakuna. Mume huyo hakusema siku yoyote, "Nimemwacha mke wangu." Aliendelea tu kwenda mbele.

Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia alimwoa Sara huko Ekbatana, mji wa milimani, akasafiri naye kurudi kwao Ninawi. Walipokaribia, malaika Rafaeli alimshauri amtangulie mkewe, naye akatii. Je, Tobia alikosa? La. Alitangulia ili nyumba iwekwe tayari na baba yake kipofu aponywe. Naye Sara alipofika, mzee Tobiti, ambaye sasa macho yake yalikuwa yakiona, alitoka mpaka lango la mji kumlaki na kumbariki.

Kwa hiyo kutangulia ni kwa namna mbili: kutangulia ili kumpokea mwenzako, na kutangulia ili kumkwepa. Miguu ni ileile; tofauti imo moyoni, nayo hujulikana kwa matendo. Atanguliaye kwa upendo hugeuka kutazama nyuma. Sheria hii yamhusu pia mke, pale ambapo yeye ndiye mwenye nguvu zaidi.

Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe aliwatangulia wafuasi wake kwa Baba, awatayarishie mahali. Tena aliahidi kurudi kuwachukua. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo, na baadaye kwa sakramenti ya Ndoa, na ajifunze kwake. Tena mume anayepanda gari la moshi pale Mutshatsha na ajiulize kabla ya kuondoka: je, amemwambia mkewe ni lini atarudi kumchukua?