Usiziruke Glasi za Alfajiri

Mpwa wangu, mama yako kanipigia jana. Kumbe umepangiwa kipimo cha utumbo mpana Jumanne ijayo saa mbili asubuhi, nawe umeshaanza kutafuta visingizio vya kukiahirisha. Nisikilize mimi niliyekipitia mara mbili, na hiyo ya pili nilijitakia mwenyewe.

Kamera isikutishe, unachomwa sindano, unasinzia, unaamshwa. Kazi yote iko nyumbani. Utumbo huo una urefu wa kama mita moja na nusu, na daktari anatafuta kinyama ambacho huenda ni kidogo kama punje ya mtama. Kikifunikwa na uchafu hakioni. Vingi havina neno, ila vingine vikiachwa miaka hugeuka saratani. Kikionekana mapema, mara nyingi hukatwa papo hapo wewe ukiwa usingizini.

Kwa hiyo kuanzia Jumamosi achana na maharage, kisamvu, karanga na mapera. Mbegu za pasheni huziba mrija wa kunyonyea maji, na madaktari hawazipendi hata kidogo. Wali mweupe, mayai na samaki, ruksa. Jumatatu hakuna kutafuna: chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa, maji. Juisi ya rozela usiiguse, wekundu wake hudhaniwa damu. Na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa, mpigie daktari leo leo. Hufanya choo kuwa cheusi, na huachwa siku kadhaa kabla.

Dawa yenyewe ya kusafisha utumbo ni unga unaokorogwa kwenye maji mengi, ladha yake kama maji ya bahari yaliyotiwa sukari. Iweke kwenye friji, inywe kwa mrija, glasi kila robo saa, katikati ulambe ndimu. Nusu jioni, nusu saa tisa usiku.

Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyoniumbua. Nilikwishakwenda chooni mara kumi na moja, nikajiambia tumbo limebaki tupu, nikajifunika shuka. Asubuhi nesi akaniuliza, "Mzee, choo cha mwisho kilikuwa na rangi gani?"

"Kama chai ya maziwa."

Akamtazama mwenzake. Walijaribu, wakashindwa, nikarudi baada ya wiki tatu kulipa upya. Kumbe ukilala, utumbo mdogo unaendelea kuteremsha majimaji yenye nyongo, yanagandia upande wa kulia wa utumbo mpana. Glasi za alfajiri ndizo zinazoyaosha. Ukitoa maji ya manjano, maangavu kama mkojo, hapo utumbo umesafika. Baada ya glasi ya mwisho fuata karatasi ya hospitali: saa mbili kabla ya kipimo, hata maji usinywe.

Najua mko wapangaji sita kwa choo kimoja. Waambie mapema, wala hakuna aibu. Jaza ndoo mbili, maji yasije yakakatika usiku, na uwe na mafuta ya mgando. Kufikia mara ya tano utanikumbuka.

Pikipiki iache nyumbani. Ile sindano ya usingizi haikuruhusu kuendesha mpaka kesho yake, kwa hiyo mwambie mdogo wako aje akuchukue. Akikosa nafasi, nipigie, nitakuja mimi.