Kutenga na Kuweka Wakfu

Msikilizaji, hasa wewe uliye Nyamisati, katika delta ya Rufiji, ukingoja boti ya Mafia: tazama ng'ambo msitu wa mikoko: mkoko, mchu, mkandaa. Zamani majahazi yalibeba boriti kutoka delta hii hadi Arabuni. Leo msitu huo ni hifadhi, na tangu 2004 umo katika eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa. Tunasema umetengwa. Neno hilo lina makali: hutengwa fedha za ada, na hutengwa pia mtu aliyekosana na wenzake.

Mwambao una neno jingine, wakfu, kutoka Kiarabu, lenye mzizi wa kusimama. Mtu akiweka minazi yake wakfu kwa msikiti, umiliki husimama hapo: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Lakini nazi huanguliwa kila msimu, msikiti ukapata mikeka. Wakristo nao wamelipokea. Kanisa jipya huwekwa wakfu, na askofu vilevile.

Mimi napenda wakfu kuliko kutenga, kwa kuwa mali husimama huku faida yake ikiwafikia watu. Mikoko inastahili hivyo: shina libaki, kamba wanaokulia mizizini waende sokoni Kibiti. Najua mikoko hufyekwa ili kupanda mpunga, mpunga nao ni chakula, na mkulima wa delta ana watoto wa kulisha. Basi viongozi wa vijiji, kabla shamba jingine halijafyekwa ndani ya mikoko, waiteni wavuvi kikaoni muwasikilize.