Dirisha la Bima

Mimi ni mwalimu wa serikali. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu huenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na mwajiri huongeza 3 nyingine. Basi hospitalini napita dirisha la bima, huku muuza mchicha akisubiri kwenye benchi la fedha taslimu, mtoto anachemka homa mapajani.

Hoja ya ufanisi naijua: nikichelewa, darasa zima halina mwalimu. Na mama muuza mchicha je? Mchicha haungoji, wala hana likizo ya ugonjwa. Nitasema nimechangia. Lakini mwajiri wangu anachangia kwa kodi, ikiwamo ile VAT anayolipa mama huyo akinunua sabuni. Foleni ingepangwa na muuguzi mwenye kipimajoto, mtoto yule angetangulia, nami ningengoja bila kinyongo.